Salamu za Nyumba Tano

Katika nyumba ya Dorika Mtewele uji haukunywewa na mtu asiyejua majirani wameamkaje. Hiyo ilikuwa sheria, na Dorika hakuwa mama wa kutunga sheria halafu akaisahau. Mwanawe Sila aliijua tangu akiwa na miaka sita: unaamka, unanawa kwa maji yale ya Njombe yanayouma vidole, unajifunga blanketi, unazipitia nyumba tano zilizo kati ya kwenu na kijito, unasalimu, unarudi, unatoa habari. Ndipo unapewa bakuli lako. Ukungu ukiwa mzito hata mtu asiuone mkono wake, ulikwenda. Umande ukiganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi, ulikwenda vilevile, na kama miguu inakufa ganzi, hilo ni shauri lako na miguu yako.

Na salamu zenyewe hazikuwa za kurushwa mlangoni huku unageuka. Kwa Wabena mtu humsalimu mkubwa wake amechuchumaa, ametoa mikono yote miwili. Unasema "Kamwene", unaitikiwa "Kamwene", kisha safari inaanza: umeamkaje, umelalaje, watoto wameamkaje, moto umewaka, ng'ombe wamelalaje, shamba linasemaje. Ukimaliza wewe, anaanza yeye, na wewe unajibu yote. Mgeni wa pwani akisimama pembeni angedhani watu hawa wanasomeana mashtaka. Wenyewe hawaoni urefu wowote. Mambo ya mtu hayaishi kwa neno moja, wanasema, sasa kwa nini salamu yake iishe kwa neno moja?

Lakini kazi ngumu ilikuwa kurudi nyumbani. Dorika alikuwa akingoja jikoni, mwiko mkononi.

"Bibi Getruda ameamkaje?"

"Salama, mama."

"Salama ya namna gani? Umemkuta ameketi au amelala?"

"Ameketi."

"Nje au ndani?"

"Ndani."

"Jua limeshatoka, naye yuko ndani. Moto je?"

Sila alifumba macho akatafuta moto katika kumbukumbu zake, asiuone.

"Rudi ukautazame," alisema Dorika, akaufunika uji.

Mtoto alirudi. Alirudi akinung'unika, akipiga mawe teke, akijiuliza Mungu alikuwa na sababu gani ya kumpa mama huyu wakati kijiji kilijaa akina mama wapole. Lakini siku iliyofuata aliutazama moto. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akitazama moto, kuni, mtungi wa maji, macho, midomo, na namna mtu anavyoinuka kutoka kwenye kigoda. Hakujua kwamba anajifunza kitu. Alidhani anatafuta uji.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alirudi asubuhi moja mbio kutoka nyumba ya tatu akasema, "Mtoto wa Kristina hakulia leo." Dorika akauliza, "Amelala?" Sila akasema, "Hapana, macho yako wazi. Anatazama tu, na mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi." Dorika aliuacha mwiko ndani ya chungu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Walimbeba yule mtoto hadi misheni kwa kupokezana mgongoni, na muuguzi wa misheni akasema ni homa ya mapafu, na kama wangengoja jioni wangekuja na maiti. Mtoto alipona. Siku hiyo Sila aliamua kwamba atakuwa daktari, akamwambia mama yake njiani. Mama alimjibu kwamba kwanza amalize kusalimu, kwani kwa ajili ya safari ile nyumba mbili zilikuwa bado.

Alisoma. Alipanda darasa baada ya darasa mpaka akaingia shule ya sekondari ya bweni, na huko ndiko sheria ya Dorika ilikomgeuka. Alikwenda nayo kama mtu anayekwenda mjini na jembe begani. Alimsalimu mpishi hadi akakosa kengele. Alimsalimu mlinzi wa lango, fundi wa bustani na vijana wa vitanda vya jirani, kila mmoja umelalaje na umeamkaje, mpaka wenzake wakambatiza Bwana Kamwene. Wakimwona anakuja, mmoja huanguka chini na kujifanya anakufa huku akisema, "Usiniulize nimelalaje, sina muda!" Bweni zima hucheka. Sila alicheka pamoja nao, lakini ilimuuma, tena sana, na taratibu akaanza kufupisha.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Kasimiri, kijana Mkatoliki wa Uwemba, mwembamba, mwenye akili kali na ulimi mkali kuliko akili. Kasimiri naye alitaka udaktari. Alikariri mifupa ya mwili kwa Kiingereza tangu fuvu hadi kidole cha mguu, na kila jioni alimpa Sila maneno kumi makubwa ya kitabibu ayameze kabla ya chakula. "Kule hawatafuti watu wa kusalimu," alimwambia. "Wanatafuta vichwa." Sila aliyameza. Mengine yalipita bila kusagwa.

Basi mwaka 1952 barua ikaja. Serikali ilikuwa na nafasi mbili za kusomea udaktari Makerere kwa vijana wa jimbo lile, na walioitwa kuhojiwa walikuwa kumi na mmoja. Wangekutana Makambako, kwa kuwa njia za Iringa, Mbeya, Njombe na Songea zote zinakutana pale, na kila mmoja angeweza kudandia lori. Sila na Kasimiri wote wawili waliitwa.

Baba yake Sila, mzee Gideoni, aliisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri. Alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa haki, lakini alikuwa na watoto wanane na mashamba yamechoka.

"Nenda," alisema. "Ukipata, tutamshukuru Mungu. Usipopata, Jumatatu lori la shamba la miti ya miwati linapita hapa, na jina lako nimeshaliandikisha kuchuna magome. Kusoma kumetosha. Wadogo zako nao wana vichwa."

Sila hakubisha, maana hapakuwa na la kubishia. Aliondoka Jumatano akiwa na shati moja jeupe, akijua kwamba kati ya Makerere na panga la kuchunia magome kulikuwa na siku moja tu. Mama yake alimsindikiza hadi barabarani. Hakumpa mawaidha marefu. Alimwambia, "Ukifika usalimu," kama alivyomwambia kila siku ya maisha yake. Sila akaitikia, huku moyoni akisema, la, mama, safari hii hapana.

Asubuhi ya Alhamisi mahojiano yalifanyika katika nyumba ya wageni ya serikali. Upepo wa Makambako ulikuwa ukipiga mabati kana kwamba nao umeitwa. Madaktari watatu walikaa nyuma ya meza, mkubwa wao akiwa Mzungu mmoja mwenye mvi aliyekunywa chai bila kumaliza kikombe. Alimwuliza Sila kwa Kiingereza kwa nini anataka kuwa daktari. Swali rahisi! Jibu lake lilikuwa nyumbani, mgongoni mwa Kristina. Lakini Sila alifungua kinywa yakatoka maneno ya Kasimiri, makubwa, yamepangwa mstari kama askari wa gwaride. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba kwa upole aeleze maana ya lile neno la tatu.

Sila hakuijua. Alijaribu kulizunguka, likamkwepa. Alijaribu kulirukia, likamwangusha. Jasho lilimtoka katika baridi ile mpaka shati jeupe likamganda mgongoni. Daktari akaandika kitu kifupi sana kwenye karatasi, akasema ahsante. Sila alitoka nje akaona dunia imekuwa nyembamba. Alishaanza kufikiri miwati huchunwa kuanzia juu au kuanzia chini.

Mchana kulikuwa na jaribio la pili, kwenye zahanati. Kila kijana angeingia peke yake katika chumba chenye mgonjwa mmoja, azungumze naye kwa dakika tano, kisha aseme ameona nini. Daktari mwenye mvi angekaa pembeni na saa yake, na Tarsis, dresa wa kufunga vidonda pale zahanati, angetafsiri pale mgonjwa atakapotumia Kibena. Sila alipangwa wa nane. Kasimiri alikuwa wa saba, naye alitoka anapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kula.

"Mzee mzima yule," alinong'ona. "Nimemuuliza maswali ishirini. Kichwa hakiumi, tumbo haliumi, kifua hakiumi. Ni uzee tu. Ni mtego, wanataka kuona nani atabuni ugonjwa. Ingia moja kwa moja kwenye maswali, Sila. Nakuomba, usipoteze dakika kwa mikamwene yako."

Sila aliingia. Mzee mmoja alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, blanketi zito limemfunika kuanzia kiunoni hadi chini. Jina lake lilikuwa Efraimu. Alikuwa Mbena wa kijiji cha jirani na Makambako, na alimtazama Sila kwa adabu na uchovu, kama mtu anayeona nzi wa nane.

"Una maumivu wapi, mzee?" Sila aliuliza kwa Kiswahili, amesimama wima.

"Sina," alisema mzee.

"Kifua?"

"Sijambo."

Ndipo Sila alipojisikia. Aliisikia sauti yake mwenyewe, kavu, inatoka juu ya kichwa cha mtu aliyemzidi baba yake umri, na akaona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Vijana saba wamesimama hapa toka mchana, alifikiri, na si ajabu nusu yao ni Wabena kama mimi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mzee huyu ameamkaje. Wamemwonea haya Mzungu. Mbena gani atamweleza maumivu yake mtu ambaye hajamsalimu? Angeona heri afe na siri yake. Na mimi nimefanya yale yale. Kama ni kushindwa, nimeshashindwa asubuhi. Acha basi nimsalimu mzee wa watu niende zangu.

Akachuchumaa. Akatoa mikono yote miwili.

"Kamwene," alisema.

Mzee Efraimu alishtuka. Halafu uso wake ukafunguka, akaipokea mikono ile kwa mikono yake.

"Kamwene," aliitika. "Kamwene, mwanangu."

Wakaingia safarini, kwa Kibena, mwendo wa kijijini. Umeamkaje, umelalaje, nyumbani wameamkaje, moto, ng'ombe, shamba. Mzee alijibu moja baada ya jingine, akitua kupumzika, kisha akauliza yeye, na Sila akajibu yote bila kuruka, ya Dorika, ya Gideoni, ya viazi vilivyopigwa na baridi. Tarsis alianza kutafsiri, akachoka, akaacha. Daktari alitazama saa mara ya kwanza. Akaitazama mara ya pili. Walipofika kwenye ng'ombe akagonga kioo cha saa kwa ukucha, na walipofika shambani akasema muda umekwisha. Sila alikuwa hajauliza swali hata moja la ugonjwa. Aliagana na mzee kama inavyopasa, akainuka.

"Haya," alisema daktari. "Umemuuliza nini?"

"Nimemsalimu, bwana."

"Tumeona. Na umeona nini?"

Na hapo, ndugu msomaji, Sila Mtewele akasimama jikoni kwa mama yake. Hakuna namna nyingine ya kueleza. Chumba cha zahanati kilipotea, akabaki na uji uliofunikwa na sauti inayouliza, salama ya namna gani?

"Hakuamka salama," alisema, na Kiingereza kilimjia chepesi kwa kuwa safari hii alikuwa na kitu cha kusema. "Anasema maneno matatu, anavuta pumzi, anasema mengine matatu. Nilipomuuliza amelalaje, alisema amelala ameketi. Tangu mavuno hajalala chali, kwa sababu akilala chali anahisi amezama majini. Nilipouliza moto, alisema kuni anakata mjukuu, na maji analeta mjukuu, lakini mwaka jana alikata mwenyewe. Nilipouliza shamba, alisema hajalifikia, kilima kimemshinda. Mikono yake ni ya baridi, ingawa amejifunika. Na nilipochuchumaa nimeona viatu vyake chini ya kitanda, vile vya mpira wa gari. Kamba za pembeni zimekatwa kwa kisu, zote mbili, na mkato ni mpya. Nadhani miguu yake imevimba, ndiyo maana ya lile blanketi. Jina la ugonjwa silijui."

Daktari mwenye mvi aliinuka, akaenda kitandani, akaomba ruhusa kwa mkono, akalifunua blanketi. Miguu ya mzee Efraimu ilikuwa imevimba, inang'aa. Daktari akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, na shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Jina la ugonjwa," alisema daktari polepole, "ndilo hasa tunalofundisha Makerere. Moyo wake umechoka, maji yanajaa mwilini. Nimempima asubuhi na nimeanza kumtibu. Lakini hayo ya viatu sikuyaona." Akaketi, akaandika, na safari hii aliandika kwa muda mrefu.

Majina yalisomwa barazani saa kumi na moja jioni. La kwanza lilikuwa la kijana wa Mbeya. La pili lilikuwa Sila Mtewele. Sila hakuruka wala hakupiga kelele. Aliketi chini palepale vumbini na shati lake jeupe, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Furaha ilimjaa hata akashindwa pa kuiweka. Kasimiri hakuchaguliwa. Alimnyanyua rafiki yake kwa kwapa, akampangusa suruali.

"Mcheza kwao hutunzwa," alisema. "Mifupa mia mbili na sita nimeikariri mimi, na nafasi imepatikana kwa kuuliza ng'ombe wamelalaje." Baadaye Kasimiri alikuwa mwalimu Uwemba, na inasemekana hakuanza somo kabla ya kumsalimu kila mtoto kwa jina. Lakini siku ile iliuma, na tusiseme haikuuma.

Ijumaa adhuhuri Sila aliteremka kwenye lori akakimbia kutoka barabarani hadi nyumbani. Gideoni alisikiliza habari amesimama, akavua kofia, akaenda nyuma ya nyumba, na waliomwona wanasema alilia. Majirani wa nyumba tano walijaa uani. Bibi Getruda alipiga vigelegele kwa kinywa kisicho na meno. Sila alisimulia yote, akiigiza daktari na saa yake, Tarsis aliyechoka kutafsiri, mzee Efraimu na viatu vyake, na watu wakaanguka kwa kicheko. Dorika peke yake hakucheka. Alikuwa akisikiliza, mwiko mkononi.

"Na yule mzee," aliuliza, watu walipotulia, "leo ameamkaje?"

Asubuhi ile Sila alikuwa amewahi lori. Amepita mbele ya zahanati kifua mbele, barua ya kukubaliwa mfukoni, bila hata kugeuza shingo.

Dorika hakumgombeza. Alitazama tu chungu, kisha akakifunika.

Jumamosi, kabla ya jua, Sila alikuwa njiani. Lori halikupatikana. Alitembea kwa miguu muda wa saa tano katika ukungu, na njia nzima hakufikiria Makerere hata mara moja. Alifikiria shimo la kidole gumba kwenye mguu wa mzee, na aliogopa kukuta kitanda kitupu. Alifika zahanati jua limeshapanda.

Mzee Efraimu alikuwepo, ameegemea ukuta, blanketi limefika kiunoni. Sila alichuchumaa, akatoa mikono yote miwili.

"Kamwene. Umelalaje?"

"Kamwene," aliitika mzee. Kisha akasema, na Sila akawa anahesabu bila kutaka, "Nimelala kwa ubavu usiku kucha mpaka jogoo akaniamsha, daktari." Akavuta pumzi. Maneno tisa kwa pumzi moja, na la mwisho hakuna mtu aliyewahi kumwita Sila kabla ya hapo.

Alirudi nyumbani jioni, miguu imechubuka. Dorika alikuwa jikoni. Sila hakungoja kuulizwa.

"Amelala kwa ubavu, mama," alisema kutoka mlangoni. "Mikono ina joto. Moto wa zahanati nimeukuta umewaka."

Dorika akafunua chungu, akamjazia bakuli.